Skana ya mkononi na mawimbi ya kati: kuifanya AM isikike Tanga

Skana ya mkononi, yaani redio ndogo ya kupekua masafa mengi, yenye bei ya pikipiki kuukuu inaweza kunasa marubani wanaoukaribia uwanja wa ndege, ikashika kila stesheni ya FM iliyoko mjini, kisha ukiiteremsha kwenye mawimbi ya kati ikakupa mkwaruzo mtupu. Wakati huohuo redio ya mkulima ya jirani, ile iliyofungwa kwa raba za tairi, inaongea bila taabu. Wengi hapo hukimbilia kununua antena ndefu zaidi au kifaa cha kuongeza nguvu. Fedha hiyo hupotea. Mawimbi ya kati yanaifikia nyumba yako yakiwa na nguvu ya kutosha. Kinachokosekana ni mlango wa kuyaingiza ndani ya skana bila kuingiza takataka pamoja nayo.

Tazama vipimo. Stesheni ya kilohezi 1000 ina wimbi la urefu wa mita 300. Bendi nzima, kuanzia kilohezi 531 hadi 1602, ni mawimbi ya mita 565 hadi 187. Antena ya mpira iliyokuja na skana ina sentimita 15 au 20. Ufupi peke yake si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba kipande kifupi namna hiyo, kwa mawimbi haya, ni kapasita (kihifadhi chaji) ndogo tu ya pikofaradi 4 hivi. Kwenye kilohezi 1000 kapasita hiyo ina ukinzani wa omu 40,000 hivi, na mlango wa skana umetengenezwa kwa omu 50. Volteji iliyonaswa ikigawanywa kati ya hivyo viwili, skana inabaki na sehemu moja kati ya 800. Redio ya mkulima haina shida hiyo kwa sababu haitumii antena ya kuchomoza kwa AM. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya, na kijiti hicho hunasa upande wa sumaku wa wimbi, kikisaidiwa na kapasita inayokilinganisha na stesheni unayoitafuta.

Skana chache zina kijiti kama hicho. Icom IC-R6 na IC-R20 ni mifano. Ukiwa na mojawapo, kazi yako ni nusu, lakini fungua menyu uone skana imechagua antena ipi, ya ndani au ya nje. Mtu anaweza kujenga antena nzuri, akaichomeka, asione tofauti hata kidogo, kumbe skana bado inasikiliza kijiti chake cha ndani.

Kabla ya kushika waya

Herufi AM zinachanganya watu. AM ni namna ya kubebesha sauti kwenye wimbi, siyo jina la bendi, ingawa mtaani tumezoea kuitumia hivyo. Ndege huongea kwa AM kati ya megahezi 118 na 137. Kwa hiyo skana iliyoandikwa AM kwenye boksi inaweza isiyafikie mawimbi ya kati kabisa. Uniden BC125AT, kwa mfano, inaanzia megahezi 25, na mawimbi ya kati yanaishia megahezi 1.6. Hakuna antena itakayoishusha huko. Simu za upepo za aina ya Baofeng UV-5R nazo ni hivyohivyo, redio iliyomo ndani yake ni ya FM tu. Soma kijitabu kwanza. Kama masafa ya chini kabisa yaliyoandikwa hayafiki megahezi 0.531, hapo hakuna cha kutengeneza.

Skana ikiwa inafika, angalia hatua zake. Kwa mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975, chaneli za huku kwetu zimepangwa kila baada ya kilohezi 9, na ziko 120. Marekani wanatumia hatua za kilohezi 10, na skana iliyoletwa kutoka huko huja imepangwa hivyo. Ukiitafutia chaneli ya 657 itasimama 660, kilohezi 3 pembeni, na sauti itatoka imevimba, kila herufi ya "s" ikipasuka kama mafuta ya kukaangia. Njia ya haraka ya kujua kama umesimama pahali sahihi: jumlisha tarakimu za chaneli. Zikitoa 9, 18 au 27, uko sawa. 6 na 5 na 7 ni 18. 660 ni 12, kwa hiyo hapo hakuna stesheni, umesimama kando ya stesheni. Kumbuka pia kwamba skana nyingi huandika kwa megahezi, hivyo 657 itaonekana 0.657.

Fungua kitufe cha SQL mpaka mwisho, hadi usikie mkwaruzo. Kazi yake ni kunyamazisha skana pale mawimbi yanapokuwa dhaifu, na stesheni ya mbali ya AM ni dhaifu siku zote, kwa hiyo itazimwa kabla hujaisikia. ATT, kitufe cha kupunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia, iwe imezimwa kwa sasa. Zima hali ya kutunza betri, maana inalaza na kuamsha kipokezi kila mara. Chagua AM kwa mkono, usiiachie skana ijiamulie. Na chomoa chaja, sababu inafuata.

Kelele za nyumbani

Kwenye mawimbi ya kati, mpaka wa usikivu hauwekwi na skana. Unawekwa na kelele zilizokuzunguka. Ndiyo maana kikuza nguvu hakisaidii: kinakuza stesheni na kinakuza kelele kwa kiwango kilekile, na uwiano wake unabaki palepale.

Fanya jaribio hili mchana, skana ikiwa kwenye betri. Tafuta chaneli isiyo na stesheni, sikiliza mvumo wake, kisha zima meinswichi ya nyumba. Mvumo ukishuka ghafla, adui yuko ndani. Washa kifaa kimoja kimoja huku ukisikiliza. Chaja ya simu isiyo na jina huwa ya kwanza, inatoa mlio kama wa nyuki unaojirudia kila baada ya kilohezi kadhaa. Kisha taa za LED za bei rahisi, king'amuzi, na feni yenye kidhibiti cha kuzungusha. Kidhibiti cha chaji cha sola nacho ni mkorofi, na kina tabia inayomtambulisha: kelele yake inapanda jua likiwa kali na kunyamaza giza likiingia.

Kinachotia moyo ni kwamba kelele ya sumaku kutoka kifaa kidogo hufifia upesi sana. Ukihama kutoka mita 1 hadi mita 2, inaweza kushuka hadi sehemu moja ya nane. Stesheni haishuki hata chembe, kwa sababu mnara wake uko kilomita nyingi. Kutoka sebuleni kwenda barazani ni marekebisho makubwa kuliko antena yoyote ya dukani. Tena kuta za zege zenye nondo na paa la bati hufunika mawimbi haya, na barazani unaviepuka vyote viwili kwa hatua kumi.

Kelele ikibaki baada ya kuzima meinswichi, inatoka mtaani. Raskazone na maeneo mengine yanayopigwa na upepo wa bahari, chumvi hujikusanya juu ya vikombe vya nguzo za umeme. Ikiwa kavu haina neno. Umande wa alfajiri ukiilowesha, umeme huanza kutambaa juu yake na kutoa cheche ndogondogo, nazo husikika kama nguo inayochanwa bila kukoma. Mvua kubwa ikivisafisha vikombe, kelele hutoweka kwa siku kadhaa. Zungusha skana yenye kijiti cha ndani, au antena ya fremu iliyoelezwa hapa chini, mpaka kelele iwe ndogo kabisa, na usikilize ukiwa umeielekeza hivyo.

Fremu ya waya

Kwa anayetaka kuanza kwa senti chache, nenda kwa fundi redio pale Ngamiani, mwombe kijiti cha feraiti pamoja na kapasita yake ya kutafutia stesheni kutoka redio iliyokufa. Viunganishe viwili hivyo kama vilivyokuwa. Skana yenye kijiti cha ndani iweke sambamba na hicho, umbali wa sentimita 3 hadi 5, kisha zungusha kapasita. Kwa skana isiyo na kijiti, zungushia feraiti hiyo mizunguko 4 ya waya mwembamba wenye plastiki, ncha zake ziingie kwenye soketi ya antena, moja katikati na moja kwenye ganda. Utapata usikivu wa redio ya mkulima, wala si zaidi sana.

Kinachobadilisha mambo kweli ni fremu. Chukua mbao mbili za sentimita 85, zikatie katikati zipandane kuwa msalaba. Kwenye kila ncha pigilia kipande cha sentimita 10, kikilala kukata ubao mkuu, na ukikwangue kwa msumeno mikato 14 iliyoachana milimita 6. Ukizungusha waya kupitia mikato hiyo unapata mraba wenye ubavu wa sentimita 60. Mzunguko mmoja unakula mita 2.4, na mizunguko 14 inafika mita 33.6, kwa hiyo nunua mita 36 za waya wa umeme wa nyuzi moja wa milimita 1.5. Usivue plastiki isipokuwa kwenye ncha. Mizunguko hiyo ina takriban mikrohenri 250, na ncha zake mbili zinaunganishwa kwenye kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 365, ile ya mabamba ya hewa iliyokuwa kwenye redio kubwa za zamani. Kwa vipimo hivi fremu inaanzia chini kidogo ya kilohezi 531 na kuvuka 1602.

Kapasita ndogo ya plastiki kutoka redio ya mfukoni ni rahisi kuipata kuliko ya hewa. Pande zake mbili zikiunganishwa pamoja hutoa pikofaradi 200 hivi, na hapo mizunguko inabidi iwe 18. Shida yake ni kwamba waya mwingi hujifanya kapasita wenyewe, na fremu itakwama karibu na kilohezi 1400. Kama unachotafuta kiko chini ya hapo, hujapoteza kitu.

Skana yenye kijiti cha ndani haihitaji kuunganishwa. Isimamishe ndani ya fremu au sentimita 20 kutoka ubavuni, mawimbi yatavuka yenyewe. Skana isiyo na kijiti inahitaji mzunguko mmoja wa pekee, waya mwingine kabisa, uliopigiliwa kwa ndani sentimita 2 kutoka kwenye ile 14. Ncha zake zinakwenda kwenye skana kwa mita 1 ya kebo ya koaksi. Kebo ya antena ya TV inatosha, kwa urefu huo tofauti ya omu 75 na 50 haisikiki. Mzunguko huo mmoja ndio unaoshusha ukinzani mkubwa wa fremu uelekee zile omu 50 za skana. Kosa la kawaida ni kuruka hatua hii na kuunganisha mizunguko 14 moja kwa moja kwenye soketi: omu 50 zinainyonya fremu, nayo inaacha kuchagua stesheni.

Kuitumia ni kazi ya vidole. Weka skana kwenye chaneli, kisha zungusha kapasita polepole sana. Mkwaruzo utabaki vilevile kwa muda, halafu kwa nafasi nyembamba kama unene wa ukucha mvumo wote unapanda, na ndani yake sauti ya mtangazaji inatokeza. Ukipita kidogo, imezama tena. Utaona pia kwamba ukiondoa mkono sauti inashuka, kwa sababu mkono wako wenyewe ulikuwa unaongeza pikofaradi chache. Funga kitufe kirefu cha plastiki, au pachika kipande cha bomba la PVC kwenye mhimili. Kila ukihama chaneli, fremu nayo inahamishwa. Watu wa skana hawapendi jambo hili, maana skana imezoea kuruka chaneli 100 bila msaada. Kwa fremu hii, sahau kuskani.

Kama sauti haipandi mahali popote, mabamba ya kapasita yanagusana. Yatazame kwenye mwanga huku ukizungusha. Kama kilele cha chini kabisa kinaishia kilohezi 620 mabamba yakiwa yamefungana yote, ongeza mizunguko miwili au mitatu. Kama juu hupiti 1500, punguza mmoja.

Kuielekeza ukiwa Tanga

Fremu hunasa vizuri upande ambao ubavu wake umeuelekea, na huwa kiziwi kwa kile kinachoutazama uso wake. Kilele cha usikivu ni kipana, lakini pale pa kiziwi ni pembamba kama kisu, kwa hiyo usiielekeze ili kupata stesheni, ielekeze ili kuua ile inayokusumbua.

Ramani ya hapa ina mtego wake. Ukiwa Tanga mjini, Unguja iko kusini karibu kilomita 120, na Dar es Salaam iko kusini vilevile, kilomita 190 na ushei. Ziko karibu mstari mmoja, na fremu haiwezi kuzitenganisha hata uizungushe mpaka jioni. Mombasa iko kaskazini-mashariki kidogo, kilomita 130. Ukiigeuzia Mombasa uso wa fremu, uziwi huo unatokeza pia upande wa pili, kusini-magharibi, na stesheni za kusini zinapoteza karibu nusu ya volteji, si zaidi. Mpango huo ni mzuri. Nairobi iko kaskazini-magharibi karibu kilomita 490, na Pemba iko mashariki, hiyo ya Pemba inatengana na zote zilizotangulia bila shida.

Bahari inatupa zawadi ambayo watu wa Korogwe hawana. Wimbi la kati linalotambaa juu ya ardhi hunyonywa na udongo, na udongo mkavu hunyonya zaidi. Maji ya chumvi hupitisha umeme mara mamia kuliko udongo wa kawaida, kwa hiyo wimbi linalokuja kwa kufuata mlango wa Pemba linafika likiwa na nguvu saa 6 mchana, saa ambayo wimbi la umbali uleule kupitia bara limekwisha chakaa. Jaribu ufukweni Sahare kisha Pongwe, upande wa bara, chaneli ileile, ukiwa na fremu ileile.

Jua likizama mambo yanageuka. Mchana tabaka la chini la anga linameza mawimbi ya kati yanayopanda juu. Kuanzia saa 1 usiku tabaka hilo linapotea, na mawimbi yanadunda juu zaidi na kushuka umbali wa mamia hadi maelfu ya kilomita. Chaneli iliyokuwa tupu saa 9 alasiri inakuwa na stesheni tatu zinazopandana, sauti zikipanda na kushuka kama mawimbi ya pwani. Hapo ndipo uziwi wa fremu unapolipa. Wakati wa masika kuna pia radi za mbali, zinasikika kama mtu anayevunja vijiti, na hizo hakuna cha kuzifanya.

Waya mrefu

Waya wa mita 15 kutoka dirishani hadi mnazi nao unafanya kazi, ila una masharti. Skana za mkononi zina milango mipana isiyochuja, na waya mrefu unaleta FM ya mjini yote kwa mpigo. Skana inalewa, na stesheni za FM zinaanza kusikika kwenye mawimbi ya kati mahali ambapo hazipo. Washa ATT: sauti ya stesheni ya kweli itashuka kidogo, ile ya uongo itatoweka kabisa. Weka pia transfoma ya 9 kwa 1 kati ya waya na skana, yaani nyaya tatu zilizolazwa pamoja mizunguko 9 kwenye pete ya feraiti. Zile pete za njano kutoka pawa saplai za kompyuta hazifai, si feraiti. Ardhi yake iwe chuma chako mwenyewe kilichopigiliwa mahali penye unyevu, kwa mfano panapomwagika maji ya bafuni. Waya wa ardhi wa nyumba usiuguse, umebeba kelele zote ulizozitafuta kwa meinswichi. Usiupitishe waya juu wala chini ya nyaya za umeme, na kila usiku wa mawingu uchomoe na kuutupa nje kwa kuhofia radi.

Ukifunga kwa kamba ya katani, ikilowa inavuta, ikikauka inalegea, na waya utakatika kwa upepo wa kusi. Mshipi wa kuvulia samaki unadumu zaidi. Viungo vyote, vya waya mrefu na vya fremu, vilehemiwe na kupakwa vanishi au rangi ya kucha, vinginevyo ndani ya miezi michache shaba inageuka kijani na kiungo kinaanza kukoroma chenyewe. Mabamba ya kapasita ya hewa nayo huota unga mweupe. Yapige mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti, yaache yakauke, kisha ifunike fremu kwa mfuko usiku.